Maswali Yenu ya Kompyuta: Programu Moja, Matoleo Mawili

SWALI: Assalamu alaikum Bi, na shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili. Nimemwandikia ami yangu programu ya Java ya kuuzia vipuri vya tuktuk dukani kwake Mwembe Tayari. Ndani yake nina klasi, yaani fungu moja la msimbo lenye kazi yake, niliyoiita HabariZaProgramu. Humo nimetia jina la programu, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa, jina langu, jina la duka la ami na asilimia ya VAT. Vyote nimevifanya statiki, yaani mali ya klasi yenyewe, na klasi zangu nyingine zote zinairithi hiyo ili zivipate bila tabu. Programu inafanya kazi. Lakini mwalimu wangu asema niifanye singletoni, yaani klasi isiyoruhusu kutengenezwa zaidi ya kitu kimoja, na mwenzangu tunayesoma pamoja asema klasi hiyo haina haja, kila kitu kiende kwenye faili. Nimsikilize nani?
Msomaji, Changamwe

JIBU: Waalaikum salaam mwanangu, marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nangoja feri Likoni, na nimefurahi kwamba umeona umuhimu wa programu kujijua. Wengi wa umri wako huandika toleo kwenye kichwa cha dirisha, wakaliandika tena kwenye risiti, na mara ya tatu kwenye ukurasa wa "Kuhusu", halafu wakasahau wameliandika wapi na wapi. Wewe umelikusanya mahali pamoja. Hilo lishike. Mengine tutayatengeneza.

Kabla sijakujibu habari ya mwalimu na mwenzako, nikusimulie lililonifika mimi, kwa sababu klasi yangu ya wakati ule ilifanana na yako.

Kuna ofisi ya wakala wa forodha huko Shimanzi niliyoiandikia programu ya ankara. Ramadhani moja, karani wao akanipigia simu baada ya tarawehe: jumla ya ankara za dola haikubaliani na hesabu yake ya mkono. Kosa la namna hiyo nilikuwa nimelirekebisha wiki iliyotangulia, katika toleo 2.3.2. Nikamuuliza, "Ankara uliyoshika inasema toleo gani?" Akanisomea: 2.3.1. Nikajua hawajaweka toleo jipya. Nikamwambia aliweke. Akaliweka. Ankara ikatoka na 2.3.1. Akaliweka tena, ikatoka vilevile. Ilifika saa saba za usiku, na yule kijana kwao wanamngoja kwa daku. Asubuhi nikavuka mwenyewe, nikaketi mbele ya ile kompyuta, na cha kwanza nilichokiona ni kichwa cha dirisha: 2.3.2. Programu ni ileile, kompyuta ni ileile, na matoleo ni mawili.

Toleo jipya lilikuwa limeingia tangu mara ya kwanza. Kosa lilikuwa pengine kabisa: kiwango cha kubadilishia dola kilikuwa kimeingizwa vibaya siku ile, jambo la dakika mbili. Lakini ankara iliniambia uongo, nami nikauamini, na mtu akakesha bure kwa ajili yangu. Sijasahau.

Sasa sikiliza kilichotokea, maana ndicho kitakachokufika. Ukiandika toleo kama thamani ya statiki isiyobadilika, yaani "static final" yenye maandishi yake papo hapo, kompaila ya Java, yaani programu inayogeuza msimbo ulioandika uweze kuendeshwa, haiziachii klasi nyingine maelekezo ya kwenda kuiuliza HabariZaProgramu. Inaichukua thamani yenyewe na kuinakili ndani ya kila klasi inayoitumia. Kanuni za lugha zinasema hivyo waziwazi. Mimi siku zile nilikuwa nakompaili kwa mkono, faili moja moja. Nilikuwa nimebadilisha klasi ya habari, klasi ya hesabu na klasi ya dirisha. Klasi ya kuchapisha ankara sikuigusa. Kwa hiyo ndani yake ilibaki nakala ya 2.3.1, imekaa kimya, haijui kwamba ulimwengu umesonga mbele. Wanaoandika C# wanalo jambo hilohilo kwenye "const", lakini si kwenye "static readonly".

Dawa yake ya kwanza ni kukompaili kila kitu upya kila mara, na zana za kukompaili na kufungasha mradi mzima, kama Maven au Gradle, husaidia sana hapo. Dawa ya pili ni bora zaidi, na ndiyo ninayokushauri: toleo lisiandikwe ndani ya msimbo hata kidogo. Mwenzako ana nusu ya haki.

Wewe wakaa Changamwe, malori ya kontena yanapita mlangoni mwako usiku na mchana. Unajua kwamba meli ya mizigo ikitia nanga Kilindini huja na manifesti, orodha ya kilichomo, na watu wa forodha huisoma kabla hawajafungua kontena hata moja. Java nayo ina manifesti. Programu yako ikifungashwa kuwa faili ya JAR, ndani yake kuna folda iitwayo META-INF, na humo mna faili MANIFEST.MF. Moja ya mistari inayoweza kuandikwa humo ni Implementation-Version. Toleo lako liandike mara moja tu, katika faili ya pom.xml kama unatumia Maven, na uiagize Maven iutie mstari huo kwenye manifesti wakati wa kufungasha. Programu ikianza, inaisoma manifesti yake yenyewe kwa methodi, yaani amri ya klasi, iitwayo getImplementationVersion. Ukipandisha toleo, umegusa mahali pamoja, na hakuna nakala ya zamani iliyojificha popote.

Kuna mtego mmoja hapo. Ukiiendesha programu ukiwa bado unaiandika, kabla haijafungashwa, manifesti haipo na jibu unalopata ni null, yaani hakuna kitu. Nimeona wanafunzi wakiogopa, wakakimbilia kurudisha toleo ndani ya msimbo. Usifanye hivyo. Klasi yako na ijibu "toleo la majaribio" pale manifesti inapokosekana. Hilo ni jibu la kweli, na ukilikuta siku moja kwenye risiti ya ami utajua papo hapo kwamba amepewa faili isiyokuwa yake.

Wanaotumia Python wana njia yao: tangu Python 3.8 ya 2019 kuna moduli importlib.metadata inayosoma toleo la kifurushi kilichowekwa kwenye mashine. Fikra ni ileile.

Je, basi klasi haina haja, kama asemavyo mwenzako? Ina haja, na hapo ndipo ninapoachana naye. Faili ni mahali pa kuhifadhi tu. Risiti haipaswi kujua kwamba toleo limetoka kwenye manifesti, wala dirisha halipaswi kujua jina la faili. Kesho ukihama Maven ukaenda Gradle, au ukahama Java kabisa, iwe klasi moja tu ndiyo inayobadilika. Kazi ya HabariZaProgramu ni kuzisoma habari, kuzihakiki, na kuzitoa kwa sura nzuri. Na zikishasomwa, zisibadilike tena. Tangu Java 16, iliyotoka Machi 2021, kuna kitu kinachoitwa rekodi, nacho kimekufaa hasa: unataja nyuga zake mara moja, unapewa konstrakta, yaani sehemu ya kukiundia kitu, na methodi za kusomea, na hakuna njia ya kuubadilisha uga ukishawekwa. Kwenye Python tumia dataklasi iliyogandishwa, ipo tangu 3.7.

Sasa, ndani yake mkae nini? Hapa ndipo barua yako iliponisumbua zaidi.

Asilimia ya VAT itoe. Itoe leo. VAT ya Kenya ni asilimia 16, lakini Aprili 2020 ilishushwa hadi 14, na Januari 2021 ikarudi 16. Programu haikubadilika, sheria ndiyo iliyobadilika. Na si hivyo tu: ami akitaka kuchapisha tena risiti ya Mei 2020, asilimia sahihi ni ile ya siku ile, si ya leo. Kwa hiyo VAT ni data ya biashara, iwekwe kwenye hifadhidata pamoja na tarehe inayoanzia na tarehe inayoishia. Jina la duka nalo litoe. Hilo ni mpangilio wa mteja. Siku jirani wa ami atakapotaka programu hiyohiyo, utampa yenye jina la duka la ami? Mimi hujiuliza hivi kila ninapoiandika klasi ya namna hii: nikiiweka programu hii katika maduka mawili siku moja, je, habari hii itafanana kote kuwili? Ikifanana, ni habari ya programu. Ikitofautiana, ni ya duka.

Zinazobaki ni jina, toleo, mtengenezaji na tarehe. Mimi ningeongeza mbili. Ya kwanza ni alama ya badiliko la mwisho katika Git, zana inayotunza historia ya msimbo, ile yenye herufi na tarakimu, kwa sababu mara nyingine toleo 1.4.0 hufungashwa mara mbili kwa haraka na zile herufi ndizo zitakazokwambia hasa ni msimbo upi uliomo. Ya pili ni kitambulisho kisichobadilika.

Kitambulisho na jina ni vitu viwili, na bandarini petu somo hili limeandikwa kwenye vyuma. Meli inaweza kuuzwa, ikapakwa rangi mpya, ikapewa jina jipya na bendera nyingine. Namba yake ya IMO, shirika la kimataifa la usafiri wa baharini, tarakimu 7, inabaki na ubavu wake mpaka siku itakapovunjwa. Meli ileile inajulikana kwa namba, hata kama mabaharia wanaiita vingine. Programu yako nayo leo waiita "Duka la Ami", kesho utaiita vingine ili uiuze. Lakini kitambulisho, ambacho ndicho kinachotumika kutafuta folda ya data kwenye kompyuta na kulinganisha matoleo, kisiguswe. Niliwahi kuona programu iliyobadilishwa jina, na kwa kuwa folda ya data iliitwa kwa jina hilo, mteja alifungua asubuhi akakuta mauzo yake yote hayapo. Yalikuwepo, kwenye folda ya jina la zamani. Lakini yule mzee mwenye duka alikuwa ameshaketi chini, ameshika kichwa.

Kuhusu tarehe, angalia unaipataje. Kama konstrakta yako inaiuliza kompyuta "leo ni lini?", basi programu yako itakuwa imetengenezwa leo, na kesho itakuwa imetengenezwa kesho. Kosa hili ni la kawaida mno, na halionekani siku ya kwanza. Tarehe iandikwe wakati wa kufungasha, kama toleo. Na ukiandika saa, andika na majira yake, +03:00 kwa Afrika Mashariki. Mteja akikwambia programu ilikwama saa nne asubuhi na kumbukumbu zako ziko kwenye majira ya UTC, yaliyo nyuma yetu kwa saa tatu, lazima utafute 07:00, na usiku wa manane ukiwa na usingizi utatafuta 04:00.

Urithi sasa. Uliposema klasi zote zinairithi HabariZaProgramu niliiweka barua chini. Mwanangu, Risiti ni aina ya habari za programu? Stoo ni aina ya habari za programu? Urithi ni wa kusema "hiki ni kile", kama tuktuk ilivyo chombo cha usafiri. Risiti inahitaji habari za programu. Si habari za programu. Isitoshe, Java inakupa mzazi mmoja tu kwa kila klasi. Umemtumia mzazi huyo kwa ajili ya kufikia namba ya toleo, na siku utakayotaka Risiti irithi kitu chenye maana, mlango umeshafungwa.

Mwalimu wako amesema singletoni. Namheshimu, naye ana sababu: anataka kuwe na habari moja tu kwa programu nzima. Mtindo huo umeandikwa na kufundishwa tangu 1994, katika kitabu cha mitindo ya usanifu cha Gamma, Helm, Johnson na Vlissides, na walimu wengi huanza nao. Lakini kuwa na kitu kimoja hakukulazimishi kumfungia kila mtu mlango asitengeneze kingine. Kitengeneze kimoja katika main, pale programu inapoanzia, kisha mkabidhi kila anayekihitaji kupitia konstrakta yake. Faida yake utaiona siku ya kuandika majaribio. Unataka kuhakikisha kwamba risiti inachapisha toleo chini ya jumla? Unaiundia habari za bandia, toleo 9.9.9, unaikabidhi, unatazama kilichotoka. Kwa singletoni ungelazimika kuihadaa programu nzima kwa ajili ya jaribio moja. Hata hivyo, kama mtihani wenu unadai singletoni, iandike vizuri upate alama zako, na dukani kwa ami ufanye hivi ninavyokwambia.

Ukimaliza, chapisha toleo chini ya kila risiti, kwa herufi ndogo lakini zinazosomeka. Ami akikupigia simu, kitu atakachokuwa nacho mkononi ni ile karatasi.

SWALI: Bi, nimeandika programu ya simu ya hesabu za chama chetu cha akina mama. Simu huiuliza seva toleo jipya ni lipi, halafu inalinganisha na lake. Imekwenda vizuri mpaka tulipofika 1.10. Sasa simu zote zasema 1.9 ndilo jipya zaidi na hazitaki kujisasisha. Nimekosea wapi?
Msomaji, Nyali

JIBU: Dada yangu, toleo umelihifadhi kama maandishi, na maandishi hulinganishwa herufi kwa herufi. Kwenye 1.10 na 1.9, moja ni sawa na moja, nukta ni sawa na nukta, kisha 1 inakutana na 9. Tisa ni kubwa. Simu haifiki hata kwenye sifuri. Ni kama kupanga majina kwenye daftari la mahudhurio.

Toleo lipe klasi yake. Iite Toleo, iwe na namba kamili tatu: kubwa, ndogo na ya marekebisho, kama unavyoelekeza mpango wa SemVer ulioanzishwa na Tom Preston-Werner. Kubwa hupanda unapovunja kitu ambacho wengine wanakitegemea, ndogo unapoongeza jambo jipya bila kuvunja, na ya tatu unaporekebisha kosa. Klasi hiyo ijue kusoma maandishi "1.10.0", ijue kujilinganisha na nyingine namba kwa namba, na ikatae upesi maandishi yasiyoeleweka. Ukiweka matoleo ya majaribio, kumbuka kwamba 2.0.0-beta iko chini ya 2.0.0, si juu yake. Kwenye Android, mfumo wenyewe haulinganishi jina la toleo; unatazama namba kamili iitwayo versionCode, nayo lazima ipande kila unapotoa toleo. Katika programu yenu nayo, kwa nini usitumie hiyohiyo kuuliza seva?

Lakini najua kinachokusumbua hasa ni zile simu za kina mama ambazo tayari zina ulinganishi mbovu ndani yake. Huwezi kuzitembelea zote. Usihangaike: toleo lako lijalo liite 2.0.0. Ulinganishi mbovu utaanza na herufi ya kwanza, utaona 2 dhidi ya 1, utakubali, na simu zitajisasisha. Ndani ya 2.0.0 uwe umeshatia klasi ya Toleo na jaribio linalohakikisha kwamba 1.10.0 iko juu ya 1.9.0. Andika jaribio hilo kwanza, kabla ya klasi. Ukiacha nafasi hiyo ipite, kosa litakurudia mtakapofika 2.10, na wanachama watakuwa wameongezeka.

SWALI: Nimeona wengine wanaweka anwani ya seva na neno la siri la hifadhidata katika klasi hiyohiyo ya habari za programu, ili kila kitu kiwe pamoja. Ni vibaya?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Ndiyo, ni vibaya. Faili ya JAR ni zipu tu. Yeyote aliye nayo anaweza kuifungua na kuyasoma maandishi yaliyomo kwenye klasi. Na habari za programu zimekusudiwa kuonyeshwa: kwenye skrini, kwenye risiti, kwenye ripoti ya kosa inayotumwa kwa barua pepe. Siku utakapoandika methodi ya kuichapisha klasi nzima kwenye kumbukumbu, neno la siri litatoka nalo. Anwani ya seva iweke kwenye mipangilio. Neno la siri lisomwe kutoka kwenye mazingira ya mashine yenyewe wakati programu inapoanza, na lisiingie Git kamwe.

Kama limeshaingia, kulifuta kwenye faili hakutoshi, kwa sababu Git inatunza historia yote. Libadilishe lile neno la siri kwenye hifadhidata kwanza, leo hii, kisha ndipo uguse msimbo.